Kwaya Nayo ni Kikundi: Nyimbo, Walei na Kazi ya Mtaani Frere Town

Kila kikundi cha kujisaidia hufika mahali kikajiuliza: viongozi tutawatoa wapi? Mwenyekiti amechoka. Katibu amehamia Changamwe kikazi. Mweka hazina ni yule yule tangu kikundi kianze, na hakuna mwingine anayejua hesabu. Watu hutazama huku na huku, kumbe kila Jumapili, pale mbele kanisani, wamekaa watu ishirini na zaidi waliozoea kufika kwa wakati, kusikilizana, kuchanga, na kumtii mwenzao anapoinua mkono. Hao ni kwaya.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaiona kwaya kama pambo la ibada. Tunasifu sare, tunapiga makofi, basi. Katika makala haya tunataka kueleza kwamba kwaya ni kikundi kama kikundi kingine chochote, na zaidi ya hapo ni shule ya viongozi. Tutachukua mfano wa Frere Town, Kisauni, kwa sababu kanisa la mahali hapo lilibebwa na walei tangu siku ya kwanza. Mlei ni Mkristo yeyote asiye kasisi, yaani ni mimi na wewe.

Kengele ya Kengeleni

Anayeshuka matatu pale njia panda ya Kengeleni huiona kengele ya kale imening'inia katika mnara wake mdogo. Vijana wengi wanajua steji tu, hawajui kwamba jina la mtaa limetoka hapo. Kengele hiyo iliwekwa katika karne ya 19 ili watu wapewe habari mapema watekaji wa watumwa wanapokaribia. Ikilia, kila mtu alijua la kufanya.

Mji wenyewe ulianza hivi. Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kumshurutisha Sultani Barghash kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1873 na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko ni jambo moja, na wale watu waliokamatwa ndani ya majahazi ni jambo jingine. Wapelekwe wapi? Makwao ni mbali, wengine walichukuliwa wadogo hata hawakumbuki njia. Shirika la Wamishenari la CMS lilinunua shamba ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 Kasisi William Salter Price akaanzisha makao aliyoyaita Frere Town. Manowari za Waingereza zikaanza kuwashusha hapo.

Fikiria hali ilivyokuwa. Yupo Myao, yupo Mmakua, yupo aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wazima na watoto pamoja, hakuna anayemjua jirani yake. Hawana ukoo pale, hawana mzee wa mji, hawana hata lugha moja. Kiswahili ndicho kilichokuja kuwa lugha yao wote. Hiki ni kikundi kilichoanza kwa taabu kuliko chochote tunachokijua sisi, na ilibidi kijifunze kuwa jamii.

Nani aliwafundisha? Hapa ndipo watu hukosea, hudhani ni wazungu peke yao. Wazungu walikuwa wachache, na homa iliwapunguza. Kazi kubwa ya kila siku ilikuwa mikononi mwa Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani kidogo na kulelewa India, katika shule ya CMS iliyokuwa karibu na mji wa Nasik. Price mwenyewe alikuwa amefanya kazi huko kabla ya kuja Mombasa. Watu hawa waliitwa Wabombei. Waliojulikana zaidi ni George David, William Jones na Ishmael Semler, ambao walifika pwani mwaka 1864 kumsaidia mzee Rebmann kule Rabai, miaka kumi na zaidi kabla ya Frere Town kuwako. Walikuwa mafundi wa kazi za mikono, walimu wa shule na wahubiri. Hawakuwa makasisi.

Mwenzao mmoja wa shule hiyo ya Nasik, Jacob Wainwright, alikuwa katika msafara wa Dk. Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, hapakuwa na padre wala mzungu yeyote. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Wainwright, kijana mlei, ndiye aliyesoma ibada ya maziko. Kisha wakaubeba mwili miezi mingi mpaka pwani. Hakuna aliyewaamuru.

Jones na Semler walikaa walei zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, aliwawekea mikono kuwa madikoni hapo hapo Frere Town. Miezi michache baadaye Hannington alisafiri kwenda Uganda na Jones akiwa pamoja naye. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Ni Jones aliyeachwa na wapagazi upande wa Kavirondo, akangoja, akasikia habari mbaya, akawarudisha watu pwani salama. Mtu aliyewahi kuuzwa kama mzigo!

Si kila mlei anafaa

Tusiseme kwamba mlei akipewa uongozi mambo yote huwa mazuri. Frere Town hiyo hiyo inatuonyesha upande wa pili. Msimamizi wake wa miaka ya mwisho ya 1870, Bwana Streeter, naye alikuwa mlei, Mwingereza. Alijenga na kulima kwa bidii, mji ukapendeza. Lakini alitawala kwa viboko. Watu waliotolewa utumwani wakajikuta wanachapwa tena, safari hii na mtu wa misheni. Malalamiko yalifika kwa wakubwa wa Kiingereza Unguja, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa. Siku zake hazikuwa nyingi baada ya hapo. Wale wenyeviti wetu wa vikundi wanaopenda kusema "mimi ndiye niliyejenga" wasome habari hii mara mbili.

Upande mwingine yuko David Koi. Bara kidogo, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na Wakristo wachache waliokutana wenyewe pahali paitwapo Godoma, wakiongozwa na Mgiriama Abe Ngoa, bila mmishenari kukaa nao. Kutoka huko wakahamia Fuladoyo, na pakawa kimbilio la watumwa waliotoroka. David Koi ndiye aliyekuwa kiongozi wao, naye hakuwa kasisi. Wenye watumwa hawakuvumilia, na mwaka 1883 Koi aliuawa. Mara nyingi hutajwa kama shahidi wa kwanza wa Kanisa katika nchi ya Kenya. Watumwa hawakuacha kutoroka. Mwaka 1889, kwa fedha zilizolipwa na kampuni ya Waingereza ya IBEA, zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika misheni, wengi wao Rabai, walipewa vyeti vya uhuru.

Frere Town ilitoa pia watu wa kalamu na sauti. James Mbotela, aliyekuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika habari za wazee hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, ndiye yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?" aliyefariki mwaka 2025. Na chuo cha makasisi kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Kasisi mmoja, makanisa mengi

Sasa turudi kwa siku zetu. Katika Kanisa la Kianglikana la Kenya, parishi moja huwa na kanisa kubwa na makanisa madogo kadhaa. Kasisi hawezi kuwa kila mahali saa tatu ya asubuhi. Kwa hiyo taratibu za kanisa zinaruhusu Sala za Asubuhi na Sala za Jioni kuongozwa na msomaji, yaani mlei aliyefundishwa na kupewa idhini na askofu. Msomaji anaweza kuhubiri, kuzika na kufundisha wanaotaka kubatizwa. Asichoweza ni kubariki mkate na divai ya Meza ya Bwana. Kazi hii ya msomaji si ya juzi. Uingereza yenyewe iliifufua mwaka 1866 kwa sababu miji ilijaa watu na makasisi hawakutosha. Mombasa ya leo na mitaa yake ya Mlaleo, Bombolulu, Mwandoni na Kiembeni inaelewa vizuri shida hiyo.

Kando ya wasomaji kuna wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama, chama cha wanaume na chama cha vijana. (Umoja wa Akina Mama ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, mwaka mmoja tu baada ya Frere Town.) Lakini ukichunguza hao wote walianzia wapi, utakuta wengi waliimba. Msichana aliyeingia kwaya akiwa darasa la saba anapewa kuandika mahudhurio. Akiwa kidato cha pili anapewa kupokea michango ya sare. Siku moja mwalimu wa kwaya ameugua, anaambiwa, "Haya dada, simama mbele." Anatetemeka, lakini anasimama. Miaka kumi baadaye ndiye katibu wa parishi. Hakuna semina iliyomfundisha hayo.

Kuna sababu. Katika mkutano wa kawaida mtu anaweza kujificha. Anaweza kuitikia "ndiyo" huku moyoni hakubali. Katika kwaya huwezi. Besi ikikosea, inasikika. Asiyefanya mazoezi anajulikana papo hapo, na yule mwenye sauti kubwa kuliko wote hujifunza kuipunguza ili wenzake wasikike. Ningependa kila kamati ya maji ipitie mafunzo haya!

Solfa: muziki wa watu wasio na vitabu

Watu huogopa kufundisha kwaya kwa kuwa hawajui "kusoma muziki". Ngoja tueleze. Mwaka 1841 huko Uingereza mchungaji John Curwen aliombwa atafute njia rahisi kabisa ya kufundisha watoto wa shule ya Jumapili kuimba. Alichukua njia iliyobuniwa na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa mji wa Norwich, akaitengeneza zaidi. Badala ya mistari mitano na vichwa vyeusi, unaandika herufi: d, r, m, f, s, l, t. Yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Muda wa sauti unaonyeshwa kwa nukta, nukta pacha na vistari. Hivyo wimbo wa sauti nne unaandikwa kwa kalamu ya kawaida katika daftari la shule, na taipureta yoyote inaweza kuupiga. Ndiyo sababu wamishenari waliipeleka Afrika na Madagaska, na ndiyo sababu mpaka leo mwalimu wa kwaya wa kijijini hubeba daftari lililochakaa ambalo hakubali kuliazima mtu.

Usidharau daftari hilo. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, Enoch Sontonga, aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo kwa solfa kwa ajili ya wanafunzi wake. Ndio Nkosi Sikelel' iAfrika, na tuni yake ndiyo inayoimbwa Tanzania kama wimbo wa taifa. Alikuwa mlei, na daftari lake lilikuwa na herufi tu.

Maneno na tuni

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kwaya nyingi za pwani zinapopoteza wasikilizaji.

Nyimbo nyingi tulizozirithi zilitafsiriwa kutoka Kiingereza na kuwekwa juu ya tuni zile zile za Ulaya. Kiswahili kinatia nguvu silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, mwo-KO-zi, a-ME-ni. Tuni ya Kiingereza haijui hilo. Mara nyingi inaweka pigo zito katika silabi ya mwisho, na sisi tunaimba "bwa-NA" kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Tumezoea, hatusikii tena. Lakini jirani aliyekulia Kongowea au Mji wa Kale, anayejua shairi na utenzi, anasikia, na anaona kwamba hawa watu wanaimba Kiswahili cha kuazima. Katika lugha za Mijikenda shida ni kubwa zaidi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Tuni ikipanda pale neno linaposhuka, neno hupotea au hugeuka kuwa jingine.

Walioijua pwani mapema walitambua kwamba lugha ya watu lazima isomwe kwa wenyewe. Kasisi W. E. Taylor wa CMS, aliyefika mwaka 1880, alikaa chini na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, Mwislamu na bingwa wa mashairi, akajifunza Kimvita na kuandika tungo za Muyaka bin Haji zisipotee. Alitoa pia kitabu cha methali mwaka 1891. Hakufanya haya kwa kupenda vitabu tu. Alijua kwamba mtu hawezi kusikilizwa sokoni Mombasa kwa Kiswahili kibovu.

Kwa hiyo, mwalimu wa kwaya, kabla ya kufundisha wimbo mpya fanya hivi. Waambie wanakwaya wasome maneno kwa sauti, kama wanavyozungumza nyumbani, huku mmoja anapiga meza taratibu. Sikiliza pigo zito linaangukia wapi. Kisha imba tuni. Zikigombana, badilisha tuni au panga maneno upya. Usilazimishe. Na mkitunga wenu, anzeni na maneno, tuni itafuata.

Ngoma nazo zilikatazwa makanisani kwa miaka mingi, kwa kuwa wamishenari waliziona zote kuwa za mizimu. Leo kayamba na ngoma vinasikika katika ibada nyingi, na chivoti pia pale apatikanapo mzee wa kuipiga. Wapo wanaolalamika bado. Jibu fupi ni hili: wimbo wa taifa la Kenya wa mwaka 1963 umetoka katika bembelezo la Wapokomo, wimbo wa mama na mtoto, na mmoja wa watu watano walioutengeneza alikuwa kasisi wa Kianglikana wa huku kwetu pwani, Thomas Kalume. Kama bembelezo la Mto Tana linatosha kuimbiwa taifa zima tukiwa tumesimama wima, kayamba nalo laweza kuingia mlangoni mwa kanisa.

Fedha, kinanda na mwalimu

Kwaya nyingi huvunjika kwa mambo mawili: kinanda na mwalimu.

Tuanze na kinanda. Tuseme kwaya ina watu 24, na kila mmoja atoa shilingi 50 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni shilingi 60,000. Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiana. Lakini kabla ya kwenda dukani jiulizeni: kinanda kikinunuliwa ni cha nani? Cha kwaya, cha parishi, au cha yule aliyeongeza elfu ishirini za mwisho? Kitalala wapi? Nani atakipiga, na akihamia Nairobi je? Kwaya inayonunua kwanza na kuuliza baadaye hufika mahali ambapo kinanda kiko nyumbani kwa mtu, kimefunikwa kitambaa cha mezani, na watu hawasalimiani. Andikeni majibu katika kitabu cha mikutano, watu watie sahihi, ndipo mwende dukani.

Hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi, hata kama ni shilingi mia tatu. Mweka hazina awe mmoja, na mwenye kuandika risiti awe mwingine. Mkipokea zawadi kwa kuimba arusini, iandikwe siku hiyo hiyo. Fedha za arusi ndizo zenye miguu kuliko zote.

Mwalimu ni jambo zito zaidi. Kwaya ikijulikana kama "kwaya ya mwalimu fulani", jueni iko hatarini. Siku akikasirika, sauti zote zinaondoka naye, na daftari la solfa pia. Dawa yake si kumnyang'anya kazi. Kila sauti iwe na kiongozi wake: soprano, alto, tena na besi. Mara moja kwa mwezi kiongozi wa sauti mmoja aongoze mazoezi yote, na mwalimu akae nyuma akiimba kama wengine. Daftari linakiliwe mara mbili, nakala moja ibaki ofisi ya parishi. Mwalimu mwema hafichi daftari, na hafurahi kusikia kwamba bila yeye watu hawaimbi.

Hapo ndipo vikundi vya kuku, vya mboga na vya mikopo vinapoweza kujifunza kwa kwaya. Je, kikundi chenu kina mtu wa pili anayejua kuandika kitabu cha akiba? Je, aliwahi kukiandika, au anakijua kwa kutazama tu?

Kutoka nje ya mlango

Kazi ya mtaani ya kwaya si lazima iwe mkutano wa hadhara wenye jukwaa. Mahali ambapo wasiokuja kanisani hukutana na kwaya ni matangani. Usiku wa maombolezo watu wamekaa mkekani, baridi ya alfajiri inaanza, na sauti kumi zinaimba polepole. Hakuna hotuba inayofika pale wimbo huo unapofika. Ila kuna adabu zake. Kwaya ya watu thelathini isimwendee mjane ikitarajia pilau. Nendeni wachache, mle kwenu kwanza, mbebe sukari na majani ya chai. Na msigeuze matanga kuwa mahali pa kuwahesabu waliookoka na wasiookoka.

Kuna pia hospitali, na kuna gereza la Shimo la Tewa kule Shanzu. Sehemu hizi hamwendi kwa ghafla. Barua inaandikwa na katibu, inapitia kwa kasisi, inafika kwa mkubwa wa mahali hapo, mnangoja jibu, mnapewa saa. Kijana aliyeandika barua tatu kama hizo amejifunza kazi ya ukatibu ambayo kikundi chochote kitaihitaji.

Gawaneni kwa mitaa. Wanakwaya wa Mlaleo wamtazame mgonjwa wa Mlaleo, wa Barsheba wa Barsheba. Wakirudi mazoezini waseme walichokiona, kwa dakika tano, kabla ya kuanza sauti. Mara nyingi atakayetajwa ni bibi mzee anayelea wajukuu peke yake, na ni mama mmoja wa alto atakayesema, "Mimi nina mkoba wa unga nyumbani."

Na majirani zetu Waislamu? Kisauni tunaishi ukuta kwa ukuta. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba wa upande wa pili. Adhana ikisomwa, spika izimwe, tungoje, tuendelee. Hili ni jambo la ujirani kabla ya kuwa la sheria, ingawa sheria nayo ipo: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakataza sauti za kusumbua, na mkutano wa spika unahitaji kibali. Ukiweka spika inayosikika mtaa wa tatu, mgonjwa wa mtaa wa pili halali, awe Mkristo au Mwislamu. Kwaya iliyofundishwa vizuri haihitaji spika katika ua wa nyumba. Itawashangaza wengi watakapojaribu.

Cheti na kanda

Kwaya ikitaka kufungua akaunti benki kwa jina lake au kuomba msaada nje ya kanisa, inafaa isajiliwe. Kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba iliyoandikwa na viongozi waliochaguliwa. Maombi yanapelekwa ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Kabla ya hapo zungumzeni na baraza la parishi, maana kwaya ikijisajili kimya kimya wazee huona kama imejitenga, nao wana haki kuona hivyo. Katiba iseme wazi kwamba kwaya iko chini ya parishi, na iseme mali itakwenda kwa nani kikundi kikivunjika.

Na mkitaka kurekodi nyimbo, andikeni kwanza nani alitunga maneno, nani alitunga tuni, na mapato yatagawanywaje. Hakimiliki ni ya mtunzi mpaka aiandikie kwaya karatasi. Kwa sheria ya Kenya inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata watoto wake wana sehemu. Aliyelipia studio hajawa mtunzi kwa kulipia. Karatasi hiyo moja, yenye sahihi za mtunzi, mwenyekiti na shahidi mmoja kutoka baraza la parishi, iwekwe ofisini pamoja na ile nakala ya daftari la solfa.